Miezi minane na mashine ya sumaku: mapitio ya vifaa vya kupimia msuli uliokazwa

Mapitio haya yanahusu seti ya vifaa niliyoitumia kwa miezi minane katika maabara ya chuo kimoja nchini Uingereza, nikiwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili niliyetoka kwenye kazi ya fiziotherapia Tanzania. Seti ina vitu vinne: mashine ya kuchochea ubongo kwa sumaku pamoja na koili yake yenye umbo la nane, amplifaya ya kusoma umeme wa misuli, vipima nguvu viwili, cha kidole na cha mkono, vilivyounganishwa na skrini, na kichocheo kidogo cha neva. Jina la kampuni iliyotengeneza mashine silitaji, kwa kuwa koili niliyopewa ilikwisha kuchakaa mikononi mwa wanafunzi walionitangulia, na si haki kumhukumu fundi kwa kazi yake iliyokwisha kuzeeka. Ninawaandikia wenzangu wa nyumbani, hasa wale wanaohudumia wagonjwa wa kiharusi, ambao wamekuwa wakiniuliza kama mashine hii inastahili bei yake. Jibu langu linategemea jambo ambalo muuzaji halitaji kabisa anapokuonyesha mashine, nalo ni namna utakavyojua msuli umekazwa kiasi gani wakati pigo la sumaku linapopita.

Nianze na mashine yenyewe. Ndani yake mna kapasita zinazojazwa umeme wa maelfu ya volti, kisha umeme huo huachiwa kwa mkupuo upite kwenye waya uliozungushwa ndani ya koili. Mkondo hufikia kilele ndani ya takribani mikrosekunde 100, na uga wa sumaku unaozaliwa, ambao hufika kiasi cha tesla mbili, hupita kwenye ngozi na fuvu bila kuzuiwa, ukaamsha mkondo mdogo wa umeme katika gamba la ubongo lililo chini ya koili. Kanuni yake ni ile aliyoigundua Michael Faraday mwaka 1831. Mwaka 1980 Merton na Morton walionyesha huko London kwamba ubongo wa mtu aliye macho unaweza kuchochewa kwa umeme juu ya ngozi ya kichwa, ila umeme huo huuma. Miaka mitano baadaye Anthony Barker na wenzake wa Sheffield wakaonyesha kwamba sumaku hufanya kazi hiyohiyo bila maumivu ya namna ile. Kwa upande huu sina malalamiko. Nguvu ya pigo ni ileile kutoka pigo moja hadi jingine, kitufe cha kupandisha na kushusha asilimia kinatii, na mlio wake, ingawa ni mkali kiasi cha kudai vizibo vya masikio kwa mshiriki na kwa mpimaji, mtu huuzoea.

Koili ndiyo inayohitaji maneno mengi zaidi. Kwa msuli wa kwanza niliokuwa nikiupima, ule mdogo ulio kati ya kidole gumba na kidole cha shahada, koili hulazwa upande wa kichwa ulio kinyume na mkono unaopimwa, mpini wake ukielekea nyuma na kupinda kiasi cha nyuzi 45 kutoka mstari wa katikati, kisha husogezwa sentimita moja moja mpaka ipatikane sehemu inayotoa mwitikio, yaani wimbi la umeme katika msuli unaoshtuka, mkubwa kuliko nyingine. Sehemu hiyo hutiwa alama. Kazi ni rahisi kwa mwenye kichwa kilichonyolewa, na ni rahisi hata kwa aliyesuka twende kilioni, maana misuko imelala na koili hukaa karibu na ngozi. Aliyesuka rasta nene, au aliyevaa wigi juu ya misuko, ni habari nyingine. Nguvu ya uga hupungua haraka kadiri koili inavyokaa mbali na ubongo, na kwa hesabu inayotumiwa sana, kila milimita moja ya umbali hudai karibu asilimia tatu zaidi ya nguvu ya mashine. Rasta zenye unene wa milimita saba hula zaidi ya asilimia ishirini kabla hujaanza kazi. Nilikuwa na mshiriki ambaye tulipandisha mpaka mwisho wa kipimo bila kupata kitu, akarudi baada ya kufumua, tukapata mwitikio bila taabu. Mwongozo wa mtumiaji niliopewa hausemi neno juu ya nywele za aina yetu. Anayenunua kwa ajili ya Dar es Salaam au Nairobi na alijue hili mapema, ili amwambie mshiriki kabla hajapoteza nauli, na pia amkumbushe kuacha nyumbani vibanio vya chuma.

Msuli ukiwa umepumzika, mambo ni mepesi kueleweka. Unatafuta kizingiti, yaani nguvu ndogo kabisa ya pigo inayotoa mwitikio wa angalau mikrovolti 50 katika mapigo matano kati ya kumi, kisha unapanda kutoka hapo. Kwa msuli ule wa mkononi, mwitikio hutokea baada ya milisekunde 20 na kitu, muda wa ujumbe kutoka kwenye ubongo, kushuka uti wa mgongo na kufika kwenye vidole. Mzee mmoja wa Mombasa aliyehamia mji huu miaka mingi, ambaye alikubali kushiriki baada ya mimi kumwamkia kwa Kiswahili sokoni, aliutazama mkono wake ukishtuka mara tatu juu ya mto, kisha akaniuliza: "Mwanangu, alokisogeza hichi kidole ni mie ama ni wewe?" Nikamjibu kwamba ni ubongo wake, ila aliyebisha hodi ni mimi.

Msuli ukikazwa, hodi ileile hupata jibu tofauti kabisa. Neva za uti wa mgongo zinazoendesha msuli, ambazo wakati wa mapumziko zimelala, sasa nyingi zimeamka na nyingine ziko ukingoni mwa kuamka, na gamba la ubongo lenyewe limechangamka. Mlango umeegeshwa, haukufungwa. Kizingiti hushuka kwa kiasi kinachoonekana wazi kwenye kitufe cha mashine. Mwitikio huwahi kwa milisekunde mbili hivi na ukubwa wake huongezeka mara kadhaa. Kwa kuwa umeme wa msuli unaojikaza tayari umejaa kwenye mchoro, wapimaji wengi huhesabu kizingiti cha hali hii kwa mikrovolti 200 badala ya 50, la sivyo hutaweza kuutenga mwitikio na makelele ya msuli wenyewe.

Hapa ndipo nilipoharibu majuma yangu mawili ya mwanzo. Kipima nguvu cha kidole kilikuwa kabatini, kebo yake haikuonekana, na mimi kwa haraka zangu nikaona inatosha kumwambia mshiriki "kaza kidogo." Miitikio ikaja mara milivolti moja, mara nne, kwa mtu yuleyule na kwa pigo la nguvu ileile, nami nikaanza kujiandalia maelezo ya kisayansi juu ya tofauti hizo. Tofauti haikuwa ya ubongo, ilikuwa ya neno "kidogo." Katika misuli midogo ya mkono, mwitikio hupanda kwa kasi kubwa katika asilimia chache za mwanzo za nguvu, kisha kasi hupungua sana mtu anapokaribia asilimia kumi hivi ya nguvu yake ya juu kabisa. Kwa hiyo amri ya kukaza kidogo humweka mshiriki kwenye mteremko mkali kuliko sehemu nyingine yoyote, mahali ambapo kuongeza au kupunguza nguvu ambayo yeye mwenyewe haihisi hubadilisha usomaji wote. Nilifuta data ya majuma hayo mawili.

Kebo ilipopatikana, kazi ikawa nyingine. Kipima nguvu chenyewe ni kitu cha kawaida mno: kipande cha chuma kilichofungwa kwenye ubao, kitanzi cha kuwekea kidole, na waya unaoingia kwenye kompyuta. Mshiriki husukuma kwa nguvu zake zote mara tatu, kompyuta huchukua ya juu kabisa, kisha huchora kwenye skrini mstari wa asilimia 10 ya nguvu hiyo, na yeye huufuata kwa mstari wake mwingine, kama mtu anayeendesha baiskeli juu ya chaki. Pigo hutolewa tu mistari miwili ikiwa imelala pamoja kwa sekunde moja au zaidi. Mzee wa Mombasa, ambaye nilidhani skrini ingemchosha, ndiye aliyekuwa hodari kuliko vijana wote; mkono wake ulitulia pale kama umefungwa, na miitikio yake ikafanana pigo kwa pigo. Kwa bei, kifaa hiki ni sehemu ndogo sana ya thamani ya mashine. Kwa manufaa, ningekiweka juu ya vyote, na ninashangaa kuona kinauzwa kama nyongeza ya hiari.

Hata hivyo, kipima nguvu hakimalizi hoja zote kwa mgonjwa. Mkono uliopooza nusu una nguvu ya juu iliyo ndogo, na asilimia 10 yake huenda isifikie hata asilimia tatu ya nguvu ya mkono mzima. Je, tulinganishe asilimia kwa asilimia, au nguvu kwa nguvu, au umeme wa msuli kwa umeme wa msuli? Kila uamuzi una matokeo yake, na programu ya seti hii inaruhusu chaguo la kwanza tu. Mimi nililazimika kuandika kando, kwa kila pigo, kiasi cha umeme wa msuli katika milisekunde 100 zilizotangulia pigo, ili niweze kuondoa mapigo ambayo mgonjwa alikuwa amekaza kupita kiasi au alikuwa ameachia. Programu inayouzwa pamoja na mashine ya thamani hii ingepaswa kuifanya kazi hiyo yenyewe.

Kichocheo cha neva nilikidharau mwanzoni. Ni kisanduku kidogo kinachopitisha umeme kwenye neva ya ulna, ile inayoendesha msuli ule mdogo, pale kwenye kifundo cha mkono, na umeme huo, ukipandishwa mpaka msuli usiweze kutoa zaidi, hukupa mwitikio mkubwa kuliko wote ambao elektrodi zako, yaani vibandiko vya kusomea umeme wa msuli, zinaweza kuuona. Maana yake ni hii: mtu mwenye mafuta mengi chini ya ngozi, au ambaye elektrodi zake zimebandikwa nusu sentimita pembeni, ataonyesha milivolti chache hata kama ubongo wake umeitika vizuri. Ukigawanya mwitikio wa ubongo kwa ule wa neva, unapata sehemu ya msuli iliyoitika, na sehemu hiyo inaweza kulinganishwa kati ya mtu na mtu. Msuli ukichoka, mwitikio wa neva nao hubadilika, kwa hiyo huwezi kuupima asubuhi ukautumia hadi jioni. Hupimwa katikati ya kazi, tena msuli ukiwa umekazwa. Pigo hili linauma kiasi, na washiriki wangu walilichukia kuliko sumaku. Kisanduku kilifanya kazi bila hitilafu, na sina la kuongeza.

Ajabu ya kweli ya kupima msuli uliokazwa huja baada ya mwitikio. Mara tu wimbi kubwa linapopita, umeme wa msuli hukatika kabisa, mchoro unanyooka kama uzi, na ukimya huo hudumu kati ya milisekunde 100 na 300 kwa misuli ya mkono ingawa mshiriki hajaacha kukaza. Sehemu ya kwanza ya ukimya, milisekunde 50 hivi, huchangiwa na uti wa mgongo. Iliyobaki ni ubongo wenyewe unaojizuia. "Nalikuwa nakaza, mara mkono ukanisahau," alisema mzee, na sijapata kusikia maelezo mazuri zaidi ya hayo katika semina yoyote. Jambo la kumfaa mpimaji ni kwamba urefu wa ukimya hutegemea sana nguvu ya pigo na hautegemei sana kiasi cha kukaza, hivyo ni kipimo kinachomsamehe mshiriki asiyetulia. Tatizo ni kuamua umeme umerudi lini. Programu ya seti hii ina kitufe cha kuhesabu ukimya moja kwa moja, na kitufe hicho kilinidanganya mara nyingi: chembe moja tu ya umeme ikijitokeza katikati ya ukimya, huhesabu kwamba msuli umeamka. Nilipima upya michoro yote kwa jicho, rafiki yangu mmoja akaipima bila kujua ni ya nani, tukalinganisha. Kazi hiyo ilichukua mwezi.

Kwa msuli wa mbele wa mkono wa juu, ambao mwitikio wake huendelea kukua mpaka karibu nusu ya nguvu ya juu, nilitumia kipima nguvu cha pili kwa kazi ya uchovu. Njia hii inatokana na utafiti wa Sydney wa Simon Gandevia na wenzake, ambao mwaka 1996 walionyesha kwamba mtu anayekaza mkono kwa nguvu zake zote bado huongezewa nguvu kidogo na pigo la sumaku kwenye ubongo, na nyongeza hiyo hukua anapochoka; yaani ubongo haukuwa umetoa kila ulichonacho. Kuona nyongeza hiyo ndogo juu ya nguvu kubwa kunahitaji kipima nguvu kigumu kisichopinda, na hiki kilikuwa kigumu vya kutosha. Koili ndiyo iliyoniangusha. Mtu anayekaza kwa nguvu zote hukaza shingo na taya pia, kichwa kinahama, na koili iliyofungwa kwenye mkono wa chuma hubaki pale kilipokuwa. Ilinibidi niishike kwa mikono yangu miwili, huku viwiko vikiwa vimeegemea mabega ya mshiriki, na kuhama pamoja na kichwa. Baada ya mapigo mengi ya nguvu kubwa koili hupata joto na mashine hujifunga yenyewe kwa usalama, jambo ambalo ni sahihi, lakini likitokea katika dakika ya pili ya uchovu, uchovu huo haurudiki. Mshiriki huenda nyumbani na kuja juma lingine. Koili ya akiba si anasa kwa kazi ya namna hii.

Amplifaya ni nzuri. Hurudi katika hali yake haraka baada ya kishindo cha pigo, huchukua sampuli za kutosha katika sekunde, na kelele ya umeme wa ukutani wa hezi 50 hupotea ukisugua ngozi vizuri kabla ya kubandika elektrodi.

Sasa suala la bei na nyumbani. Mashine za aina hii huuzwa kwa makumi ya maelfu ya dola, mbali na koili. Volti za Uingereza na zetu zinalingana na plagi ya pini tatu ni ileile, kwa hiyo haihitaji transfoma, ila kwa umeme wetu wa kukatika na kurudi kwa kishindo siwezi kumshauri mtu aiwashe bila kifaa cha kudhibiti volti. Kabla ya yote awepo mtu wa kuuliza maswali ya usalama kwa kila mshiriki bila aibu: chuma kichwani, kifaa cha kusaidia usikivu kilichopandikizwa, betri ya moyo, kifafa.

Kwa hospitali inayotaka kujua tu kama njia ya kutoka kwenye ubongo hadi mkononi bado ipo baada ya kiharusi, swali ambalo Cathy Stinear na wenzake wa Auckland wameligeuza kuwa chombo cha kubashiri urejeaji wa mkono, mashine na amplifaya vinatosha, maana linalotafutwa ni ndiyo au hapana. Mgonjwa asiyeweza kukaza mkono mbovu anaweza kuombwa kukaza ule mzima, na hilo nalo husaidia mwitikio kutokea. Kwa anayetaka kulinganisha ukubwa, leo na mwezi ujao, mkono huu na ule, seti pungufu ni pesa iliyotupwa. Ningemwambia muuzaji aweke kwenye ankara, kabla ya mashine yenyewe, kipima nguvu, kichocheo cha neva na koili ya pili, na kama fedha haitoshi vyote, ningechukua mashine iliyotumika badala ya kuacha kimojawapo cha hivyo vitatu. Programu ningeikubali kama ilivyo, kitufe cha ukimya nikakiziba kwa plasta.